Kamba za Viatu vya Masanja

Ninyi mnaokuja kunigongea hapa Ngokolo, litazameni kwanza hilo geti kabla hamjaligonga. Limechomelewa vibaya. Bawaba ya juu imevimba kama goti bovu, na ukipitisha kidole kwenye maungio ya chini utakuta vitundu vya kupitisha sindano. Wageni huniuliza, mama, wewe umestaafu uchomeleaji, mbona geti lako liko hivi? Huwa nawajibu kwamba geti hili limeshaonekana Australia, na ya kwao hayajaonekana hata Kahama.

Lilivyofika huko nitawaeleza. Najua kinachowaleta. Mmesikia kwamba kuna nchi zinatoa visa ya kwenda kuishi, siyo ya kutembea, kwa watu wenye ufundi unaohitajika kwao, na kwamba kijana wangu wa kazi, Masanja, aliifuata hiyo njia hatua kwa hatua. Mnataka niwaonyeshe pa kuanzia. Nitawaonyesha. Ila mnivumilie, mimi kusimulia kwa mstari ulionyooka siwezi. Mistari iliyonyooka niliimaliza kazini.

Kwa asiyenijua, naitwa Mama Shija. Nilianza kazi kwenye jineri moja, kiwanda cha kuchambulia pamba, hapa Shinyanga, nikifagia manyoya ya pamba chini ya mashine. Fundi wa pale aliitwa Mzee Mihayo, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku moja msaidizi wake hakuja, akaniita nishike kipande cha chuma. Nilikishika vizuri kuliko yule msaidizi, na ufagio sikuushika tena. Mzee Mihayo alikuwa na tabia moja mbaya sana. Ukimaliza kuchomelea, alikusanya jineri nzima, wabeba marobota, makarani, mama wa chai, kisha akachukua nyundo nzito na kuipiga kazi yako mbele yao. Ikikatika, alikuachia vipande mkononi na kwenda zake. Nililia mara nyingi nyuma ya ghala la mbegu. Kisha ikafika siku akapiga, akapiga tena, akaweka nyundo chini na kuomba chai. Hakunisifu. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akiniita fundi.

Baadaye nilipata kazi kwenye mgodi mkubwa upande wa Geita, nikiwa mwanamke pekee kwenye karakana ya mabomba. Huko nyundo haikutumika. Huko maungio yalipigwa picha ya mionzi. Nilipoambiwa kwamba chuma kitapelekwa kupigwa eksirei nilicheka hadi nikashika tumbo, nikauliza kama nacho kina TB. Walipoiweka ile picha mbele ya taa sikucheka tena. Kazi ambayo kwa nje niliiona safi, ndani ilikuwa na madoa meusi, matundu ya hewa iliyonaswa kwenye chuma kikiwa bado moto. Nilishtuka kama mtu aliyevuliwa nguo. Nikajifunza kuzisoma hizo picha. Kufikia kustaafu nilikuwa nainua picha juu, naitazama kidogo, na kusema kata hapa, rudia pale. Hilo la picha mlikumbuke.

Masanja aliletwa kwangu akiwa kijana mwembamba kutoka Mwakitolyo. Alikuwa amekulia kwenye machimbo madogo, akiponda mawe ya dhahabu na kuyalisha kwenye karasha tangu hajaota ndevu. Kwa msiojua, karasha ni ile mashine inayosaga mawe yawe unga ili dhahabu ioshwe. Akaenda chuo cha ufundi, akafaulu, akaja karakana kwetu. Geti hili alilichomelea katika mwezi wake wa kwanza, siku ya mapumziko, ili kunifurahisha. Nilipoliona nilishika kichwa. Nikamwambia sitalirekebisha, litabaki hivyo ili kila akija kwangu alione. Akasema, "Mama Shija, unanitesa." Nikamwambia aingie ndani ale.

Alikuja kuwa mchomeleaji bora kuliko mimi. Nasema hivyo bila kinyongo, mkono wake ulikuwa umetulia ajabu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kamba za viatu. Tukipanda ngazi za kinu cha kusagia mawe pale mgodini, wote tumebeba vyombo, Masanja akifika kwenye kituo cha kati anasema, "Tangulieni, nafunga kamba." Tunangoja. Anainama, anafunga, anainuka, tunaendelea. Ikawa ndiyo desturi yake. Nilimtania mbele ya kikosi kizima: "Masanja, hizo kamba umezitolea mahari?" Naye anacheka akiwa bado ameinama. Hata nilipostaafu, akija kunisalimia, akishuka kwenye bajaji pale kona na kupanda huu mwinuko mdogo, lazima asimame hapo getini afunge kamba ndipo aingie.

Sasa hiyo Australia. Siku aliponionyesha kwenye simu ile orodha ya kazi zinazotafutwa, nilidhani ananichezea. Serikali nzima, ya nchi yenye bandari na ndege zake, imekaa chini ikaandika watu inaowahitaji: muuguzi, fundi umeme, fundi wa mitambo, na hapo katikati, bila aibu yoyote, mchomeleaji! Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Hapa kwetu binti akileta mchumba mchomeleaji, shangazi zake husikiliza maelezo yote hadi mwisho, kisha wanauliza, "Haya, na kazi anafanya wapi?" Nimezeeka kwenye ufundi huu sijawahi kusikia mtu anautafuta kutoka ng'ambo ya bahari. Nilipigwa na butwaa, chai ikapoa.

Mnaotaka njia hiyo, kaeni vizuri hapa. Kwanza, masharti yao yako wazi kwenye tovuti ya serikali yao, na hubadilika, kwa hiyo msome wenyewe na msome tena. Akija mtu na suti na kusema ana ndugu ubalozini, mpe maji ya kunywa na umwonyeshe geti. Pili, hawakuulizi tu una cheti gani. Wanakuuliza umri, lugha, miaka uliyofanya kazi hiyo na siyo nyingine, na kila jibu lina alama zake. Tatu, kabla hujaomba visa yenyewe, mafundi wa kwao wanakupima kama kweli wewe ni fundi.

Kiingereza kilimwangusha mara ya kwanza. Nilikasirika kuliko yeye, maana nilimsikia kila siku akibishana na wazungu wa mgodini na kuwashinda. Kumbe Kiingereza chetu cha karakana ni majina ya vifaa na matusi. Kwenye mtihani walimwambia aandike insha kuhusu umuhimu wa makumbusho kwa jamii. Masanja hajawahi kukanyaga makumbusho! Mkewe, Rehema, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini. Alimkalisha mezani kila jioni pamoja na binti yao, mmoja akifanya hesabu za darasa la tatu na mwingine akiandika kuhusu makumbusho, kuhusu mbwa wa kufugwa, kuhusu faida za kuishi peke yako. Hili la mwisho Rehema alilisahihisha kwa kalamu nyekundu nyingi. Mara ya pili akapita.

Kisha ukaja mtihani wa ufundi. Walitaka picha na video akiwa kazini, na barua za wakubwa wake zinazoeleza alichofanya kwa mikono yake. Halafu mahojiano ya video kwenye simu. Alikuja kuyafanyia hapa kwangu kwa sababu mtandao wa kwao unasuasua. Nikavaa kitenge kipya kana kwamba naolewa mimi. Akatokea mzungu mwenye ndevu nyeupe, naye ni mchomeleaji, ukiona tu makovu ya cheche kwenye mikono unamjua mwenzako. Akauliza mambo ya mabomba ya presha, ya chuma cha pua, ya kupasha chuma joto kabla ya kukichomelea. Masanja anajibu bila kutafuta maneno. Moyo wangu ukatulia. Ndipo yule mzee akasema, nionyeshe kazi uliyoiharibu.

Ninyi mnajua kwetu kazi mbovu haionyeshwi. Inapigwa grenda, inapakwa rangi, na fundi anahama mtaa. Swali kama hilo hatukuwahi kuulizwa na mtu yeyote, na usoni niliona kijana anatafuta uongo wa heshima. Nikakohoa. Akanitazama. Nikamwonyesha geti kwa kidevu.

Akainuka na simu, akatoka nayo nje, akamsogezea yule mzungu bawaba yangu. Akaeleza yote. Kwamba fimbo za kuchomelea zilikuwa zimepata unyevu na hakuzikausha. Kwamba chuma kilikuwa na rangi ya zamani ambayo hakuikwangua. Kwamba moto aliuweka mkubwa mno, na alikuwa na haraka kwa sababu ndani kulikuwa kunapikwa kuku. Mzungu alicheka hadi ndevu zikatikisika. Akauliza kwa nini halijarekebishwa miaka yote. Hapo nikadakia kwa Kiingereza changu, nikasema mwenye geti hataki. Majibu yalipokuja, Masanja alikuwa amepita, na Rehema alishangilia hadi jirani akaja kuuliza kama kuna harusi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi iliyonitisha. Mwaliko wa kuomba visa ukaja, ya kwao wote watatu. Polisi wakathibitisha kwamba hana kesi. Binti yao akawaambia wenzake wote darasani kwamba atasoma mahali penye kangaruu, akarudi nyumbani akilia kwa sababu hawakumwamini. Rehema akagawa kuku wake. Kilichobaki ni vipimo vya afya kwa daktari aliyeteuliwa na wao, kule Dar es Salaam, na hicho hakuna aliyekihesabu kama mtihani. Kijana wa umri wake, anayebeba bomba begani, ana nini cha kuogopa kwa daktari? Nilimwambia atazame tu asije akatapeliwa kituo cha mabasi.

Sasa niwarudishe kidogo kwenye maziwa, ndipo mtanielewa.

Mgodini kwetu barakoa ya vumbi ni lazima. Ukivua, mkaguzi anakurudisha nyumbani. Lakini zamu ikiisha, mafundi wengi wanakwenda kupiga deiwaka, vibarua vya siku moja moja, kwenye machimbo madogo, na Masanja alikwenda kwao Mwakitolyo. Zile nyundo za ndani ya karasha zinaliwa na mawe, hivyo fundi anakwenda kuzijaza chuma upya palepale, huku karasha za jirani zinaendelea kusaga mawe makavu. Pale vumbi jeupe hutanda hadi humwoni mtu aliyekuita. Nimefika, nimefanya kazi hiyo mwenyewe mara kadhaa. Ukimaliza, ndevu nyeupe, kope nyeupe, unaonekana babu yako. Na hakuna anayevaa barakoa, maana hakuna mkaguzi, na ukiivaa hawasikii unachosema, wanakuita daktari.

Badala yake kuna maziwa. Desturi ya kule, na ya karakana zote nilizopita tangu jineri, ni kwamba fundi akitoka kwenye vumbi au moshi anapewa maziwa ya kusafisha kifua. Mwenye karasha asiyetoa maziwa ya fundi anasemwa hadi sokoni. Baba Limi, ambaye Masanja alimfanyia kazi nyingi zaidi, alikuwa na ng'ombe zake, na alileta maziwa ya moto kwenye jagi yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, akisema, "Kunywa, baba, ushushe vumbi." Kwa watu wa huku hiyo ni heshima kubwa, na sote tuliiamini. Mimi nilikunywa mengi na nikawaagiza vijana wangu wanywe.

Basi Masanja akarudi kutoka Dar. Nilikuwa hapa uani nachambua choroko. Nikasikia bajaji pale kona, nikangoja, geti likachelewa kufunguka. Akaingia na bahasha kubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za Dar?"

"Joto."

Alikaa kwenye ngazi, akaniwekea ile bahasha mapajani, juu ya choroko. Akasema, "Wewe unajua kusoma hizi. Nisomee."

Niliitoa picha, nikaiinua kuelekea jua kama nilivyokuwa nikifanya karakana. Nilitarajia kuona mbavu na moyo, nimtanie kidogo kwamba moyo ni mdogo. Mayu wane, mama yangu! Mapafu yote mawili, upande wa juu hasa, yalikuwa na vidoa, vidoa, vidoa, kama mtama uliomwagwa kwenye mkeka. Kwenye chuma matundu huonekana meusi. Hivi vilikuwa vyeupe. Lakini jicho langu lilikuwa limeshazoea kazi yake na likataka kuonyesha, kata hapa, rudia pale. Nikabaki na kidole hewani. Hapakuwa na pa kukata.

"Daktari amesemaje?" nikauliza.

"Aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi kwenye mawe. Nikamwambia mimi ni mchomeleaji. Akasema hajaniuliza hilo." Alikuwa anatazama miguu yake. "Nikamweleza ya Mwakitolyo. Akauliza nilikuwa najikinga na nini. Nikamwambia, nakunywa maziwa kila nikitoka karashani, sijawahi kuacha hata siku moja. Akachukua karatasi, mama, akanichorea koo. Akasema maziwa yanashuka tumboni, vumbi linakwenda kwenye mapafu. Ni njia mbili."

Njia mbili! Mimi, mtu mzima, niliyekuwa nikijua kila bomba la kile kinu linatoka wapi na linamwaga wapi, ambaye mtu akiunganisha maji kwenye bomba la mafuta ningemfukuza kazi palepale, sikuwahi hata siku moja kujiuliza maziwa yanapita bomba lipi. Wala Mzee Mihayo hakujiuliza. Wala Baba Limi. Watu wote tunaojua ng'ombe, tunaochinja, tunaoshika mapafu ya mbuzi kwa mikono yetu na kuyaona yako kando na tumbo! Sijui niwaeleze vipi nilivyoshtuka. Hadi leo nikiona jagi la maziwa nashtuka tena.

Alipelekwa kupimwa makohozi ili kuhakikisha si kifua kikuu, na haikuwa. Akapigwa picha nyingine kwenye mashine kubwa zaidi. Jina la ugonjwa ni la kitaalamu, lakini maana yake ni makovu ya vumbi la mawe. Hayafutiki. Kinachowezekana ni kutoyaongeza, na kuangaliwa mara kwa mara. Madaktari wakaongeza kwamba kovu lingine huwa linakuja hata baada ya kuacha vumbi, polepole, lenyewe.

Majibu ya visa yalikuja kwa barua pepe ya heshima sana. Rehema ndiye aliyeisoma, hapa hapa uani, kwa sauti ile anayotumia kusomea wanafunzi imla. Walisema hajatimiza sharti la afya, kwa sababu matunzo ya ugonjwa kama huo ni mzigo mkubwa kwa huduma zao. Alipomaliza alikunja mikono, akauliza, "Sasa mtoto tumwambie nini?" Masanja akasema atamweleza mtoto yeye mwenyewe.

Nilitaka kuwakasirikia watu wa huko, ningepata nafuu. Lakini Masanja alikuwa amesoma mambo mengi kwenye simu usiku asipolala, akaniambia jambo ambalo bado nalitafuna. Huko Australia kuna aina ya mawe yanayotengenezwa kiwandani, yanayotumika kwenye meza za jikoni. Mafundi waliokuwa wakiyakata walianza kuugua ugonjwa huu huu. Nchi ikayapiga marufuku. Mawe mazuri, yanayong'aa, ya jikoni kwa watu wenye nafasi, yamefutwa kwa ajili ya vifua vya wakataji. Nilimwambia asome tena, kama siku ile ya orodha. Akasoma tena. Kumbe kwa wenzetu vumbi ambalo sisi tunalishushia maziwa ni habari ya kutungiwa sheria!

Kwa hiyo ndiyo pa kuanzia, wanangu. Mkija kwangu kuuliza habari za visa, sitawauliza Kiingereza kwanza. Nitawauliza mmefanya kazi wapi kabla, na siku za mapumziko mnakwenda wapi, na mdomoni mnafunga nini. Nendeni mkapigwe picha ya kifua sasa hivi, mkiwa bado mnajiona wazima, hata kama safari yenu ni ya kuishia Isaka. Barakoa iwe ile inayobana uso, yenye kichujio cha vumbi laini. Kitambaa cha kanga hakizuii kitu, unga wa mawe unapita kama wageni wa harusini. Ndevu zinyolewe, la sivyo hewa inapenya pembeni. Wakikuita daktari, itika.

Wiki moja baada ya ile barua, Masanja alinipigia simu. Sikutegemea alichosema. "Mama Shija, twende Mwakitolyo. Nataka tukamfungie Baba Limi maji kwenye karasha." Nilimwambia daktari amemkataza vumbi. Akasema karasha itazimwa, tena yeye ndiye atakayevaa barakoa mbili. Nikachukua viatu vyangu vya kazi, vile vya mgodini, vilivyokaa juu ya kabati tangu nistaafu.

Baba Limi alitupokea kwa furaha ya siku zote. "Mwadila, Mama Shija! Fundi wangu amerudi kutoka kwa wazungu!" Kabla hatujakaa alikuwa ameshaita jagi. Masanja akamweleza, pole pole, bila kumlaumu hata kidogo, kama mtu anayemweleza jirani kwamba ng'ombe wake ameingia shambani. Yule mzee alisikiliza akiwa ameshika jagi kwa mikono miwili. Akageukia kwangu.

"Mama Shija, maziwa yana kosa gani?"

"Hayana kosa, Baba Limi. Yanakwenda tumboni."

"Na Limi je?" akauliza. "Limi ndiye anayelisha mawe siku hizi." Aliliweka jagi chini, akaenda kuzima karasha yeye mwenyewe, na kelele zilipokoma nikasikia watu wanakohoa pande zote za lile eneo. Kumbe walikuwa wanakohoa siku zote, mashine tu ndiyo ilikuwa inawaficha.

Kazi yenyewe si ngumu, mnaweza kuiga. Chukua bomba la nusu inchi, toboa matundu madogo upande mmoja, lichomelee juu ya mdomo wa karasha, na uweke koki ili maji yanyunyize tu, yalaze vumbi. Ukiyafungulia sana unga unaganda kwenye chekecheke na mwenye mashine ataling'oa bomba lako kesho yake. Kisha funika mdomo kwa bati, na pembeni ning'iniza vipande vya mpira wa tairi kama pazia. Masanja alipima, mimi nikakata, akachomelea yeye. Mistari yake ilikuwa myembamba na sawasawa. Ningeweza kuipeleka kwenye mionzi yoyote, na hata Mzee Mihayo angeagiza chai.

Kulikuwa na bomba refu lililobaki kwenye gari tulilokuja nalo, chini ya kilima. Tukaenda kulichukua, yeye mbele na mimi nyuma, kila mmoja na ncha yake begani. Si kilima cha kusema kilima. Tulipofika katikati alisimama.

"Dakika moja, mama," akasema. "Nafunga kamba."

Tukalishusha bomba. Akainama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona viatu vyake vizuri. Kamba zilikuwa zimefungwa, fundo juu ya fundo. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya fundo havifanyi chochote, na mgongo ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka.

Ngazi zote zile. Utani wangu wote ule, mbele ya watu.

Nikachuchumaa kando yake, nikafungua kamba zangu ili nipate za kufunga.